Halbadiri Isiyosomwa

Nilikuwa Tanga, katika mgahawa wa chai karibu na stesheni, nikisubiri sambusa zitoke kwenye mafuta, redio ilipotaja jina la Fundi Shaame. Saa ya matangazo ya vifo sisi watu wa visiwani tuliotawanyika hunyamaza, hata kama tulikuwa katikati ya ugomvi. Mtangazaji alisema marehemu alikuwa fundi wa karabai na baiskeli huko Wawi, Pemba, kisha akasoma majina ya jamaa ambao habari iwafikie popote walipo. Jina langu halikuwamo, wala sikulitarajia. Nikasimama. Mwenye mgahawa akaniuliza, "Ndugu yako?" Nikamwambia, "Hapana. Nilikaa kwake mwaka mmoja." Akatazama sambusa, akanitazama na mimi. "Mwaka mmoja tu ndiyo uache sambusa?"

Nina miaka arubaini na kitu sasa, na nimelala miji mingi kuliko niwezavyo kuikumbuka kwa mpangilio. Popote nilipokaa watu wameona tabia yangu moja. Nikiingia dukani huweka mikono juu ya meza ya muuzaji, yote miwili, vidole wazi. Mke niliyekuwa naye Mombasa aliwahi kuniuliza kwa nini nasimama dukani kama mtu anayesubiri kukatwa kucha. Jibu liko Wawi, katika banda la makuti nyuma ya nyumba ya Fundi Shaame, mwaka ule wa siasa kabla ya uhuru, wakati watu waliozaliwa kitongoji kimoja walipoanza kupitana njiani bila salamu.

Nilikuwa nimemaliza skuli ya sekondari Unguja, nangoja kazi ya ukarani Chake Chake, na kila nikienda kuuliza niliambiwa nirudi wiki ijayo. Fundi Shaame alinipa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama baraza, bila kuniuliza mimi ni wa chama gani. Mwaka ule hilo lilikuwa jambo geni kuliko chumba chenyewe. Kitandani niliweza kusikia kila neno la barazani, na la barazani halikuwa neno jema. Nani kaonekana dukani kwa nani. Nani kachota maji kisima cha watu wasio wake. Jirani yetu Faki, mchumaji wa karafuu mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake, alikuwa hakosi pale. Siku ya kwanza nilimsikia akimuuliza fundi, na dirisha li wazi, "Huyu kijana wako wa Makangale, ni ntu wa wapi hasa?" Fundi akajibu, "Umeshasema mwenyewe. Wa Makangale." "Aa, yakhe. Kwao nakujua. Miye nauliza moyo wake uko wapi."

Pikipiki niliileta mimi. Ilikuwa kwetu Makangale, ukingoni mwa msitu, katika banda la mbao alimoiacha Mzungu mmoja wa misitu aliporudi kwao. Mchwa walikuwa wamekula kiti, na kuku alikuwa akitaga juu ya injini. Mlinzi wa banda aliniambia, "Ichukue, inanizibia njia." Nikaipakia kwenye lori la karafuu hadi Wawi. Tulipoishusha watu walisimama kutazama, na swali la kwanza, wallahi, halikuwa kama itawaka. Mtu mmoja aliuliza, "Ya chama gani?"

Tulikubaliana hivi: mabati yangu, mikono yake, na ikipona iwe yetu sote wawili. Fundi hakusema kutengeneza, alisema kupona. Mimi ningeiendesha, nibebe vifurushi, na zaidi ya hapo nipeleke habari za misiba. Kwetu mtu akifa alfajiri huzikwa mchana au alasiri, na jamaa zake wametapakaa kutoka kusini hadi kaskazini. Wajumbe walikwenda kwa miguu, kwa baiskeli, kwa kudandia malori, na mara nyingi ndugu alifika kaburi limekwisha kufukiwa, akabaki kukamata udongo. Fundi alisema, "Ukiwa na chombo hiki, hakuna atakayekosa kumzika mama yake." Alisema hivyo huku akitazama mlango wa chumba cha ndani. Humo alilala mama yake, Bi Mize, aliyekuwa hajiwezi tangu masika. Nyumba nzima ilikuwa ikiishi kwa kusikiliza kikohozi chake.

Kazi ilikwenda polepole, na mimi sikutaka iende mbio, kwa sababu sijapata kuwa na furaha kama ile. Tulifungua kila kilichokubali kufunguka, tukatumbukiza vyuma kwenye mafuta ya taa ndani ya nusu pipa, tukasugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikawa na rangi ya tambuu. Fundi alilibana tangi kwenye jiriwa akaliziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa. Mimi nilisaga vali, mkono kwenda, mkono kurudi, huku nikisikia Bi Time, mke wa fundi, akikuna nazi upande wa pili wa ukuta wa makuti kwa mwendo uleule. Adhuhuri tulikula kwenye mkeka mlangoni mwa jiko. Ilikuwa muhogo wa nazi au shelisheli la kuchemsha, na siku za neema wali na mchuzi wa pweza. Juu ya vichwa vyetu ilining'inia susu, wavu uliofungwa kwenye boriti, ambamo Bi Time aliweka samaki wakavu na mkate uliobaki ili paka wasifike. Mimi mrefu, na kila nikiinuka susu ilinigonga kichwa. Bi Time alikuwa akicheka, "Yakusalimu hiyo!" Bi Mize naye alikuwa akiuliza kutoka ndani, "Imepona hiyo pikipiki?" Na fundi alimjibu daima, "Karibu, mama. Imeshaanza kula."

Siku tuliyofikia sumaku ilikuwa siku ya kicheko. Sumaku ndiyo moyo wa pikipiki za zamani. Ni kifaa kizito cha ukubwa wa ngumi mbili, ambacho kikizungushwa huzaa cheche ya kuwashia mafuta. Bila hicho pikipiki ni kitanda cha chuma. Fundi aliisafisha yetu kwa unyoya wa kuku, akaikausha juani siku kadhaa, kisha akamwita Faki kutoka barazani. "Njoo ushike waya huu, unipimie." Faki akashika, fundi akazungusha, na Faki akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Lo! Yang'ata!" Hata Bi Mize tulimsikia akicheka ndani, kisha akakohoa. Faki alinyonya kidole akasema, "Shaame, kifaa hiki nikikuta kinatumiwa na watu wale, nakuapia sikuzikii ntu wako." Akacheka, nasi tukacheka. Fundi alicheka kidogo kuliko sisi.

Haikuwa mzaha. Wiki chache kabla alikuwa amefariki mzee mmoja wa upande wa pili wa kitongoji. Nusu ya majirani zake walikaa kwenye baraza zao wakamtazama akipita. Jeneza hubebwa kwa kupokezana, kila mtu hatua chache kisha anakuja mwingine, na wingi wa mabega ndio heshima ya maiti. Siku ile hapakuwa na wa kupokezana. Tuliolibeba tulilibeba, na njiani mtu mmoja alilia kwa uchovu, akasingizia msiba. Tuliporudi fundi aliosha miguu, akasimama mlangoni kwa mama yake. Nilimsikia bibi akiuliza, "Watu wangapi?" Fundi akamwambia, "Tele, mama. Njia ilijaa." Bibi akasema, "Alhamdulillahi. Na mie hivyohivyo."

Karabai za vyama vyote viwili zilikuwa zikija kwa fundi, na alizitundika kwenye msumari mmoja bila kuzitenganisha. Lakini karabai haionekani mchana, na pikipiki inaonekana na kusikika. Habari kwamba sumaku inang'ata zilipofika Chake Chake, mabwana wa chama kimoja walikuja asubuhi, mashati yamepigwa pasi. Walisifu kazi, wakasema wangependa chombo kile kitangulie msafara wao na bendera. Fundi akasema, "Ikipona." Wa chama cha pili wakaja alasiri ya siku ya pili, nao wakasema yaleyale, ila wao walikunywa kahawa. Fundi akasema, "Ikipona." Walipokwenda zao alikaa kwenye kigogo chake akishika spana bila kuitumia. Mimi nikamwambia waambie hapana wote. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto leo. "Mwanangu, mwaka huu hapana kwa huyu ni ndiyo kwa yule."

Haikupita Ijumaa, sumaku ikapotea. Asubuhi tuliingia bandani tukakuta mahali pake juu ya gunia patupu, alama ya mafuta tu. Tulitafuta mpaka kwenye majivu. Faki alikuwa wa kwanza kuja, na kabla ya adhuhuri banda lilikuwa limejaa watu wasio na kazi humo. Kila mmoja aliniangalia mikono. Walisema nimeiuza. Walisema nimewapelekea hawa, na wengine, jioni ileile, walisema nimewapelekea wale. Nilikuwa mgeni, nilikuwa na Kizungu cha skuli, nilikwenda Chake kila wiki kuulizia kazi ambayo hakuna aliyeiona. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa barazani badala ya dirishani, ningelisema hivyohivyo.

Ndipo barazani Faki akalitamka neno ambalo kila mtu alikuwa akilingoja. "Isomwe Halbadiri." Asiyejua kwetu nimweleze. Ukiibiwa, na mwizi hajulikani, huita shehe na wenzake wakakaa na chetezo, wakasoma majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri, wakamshitakia Mungu. Aliyechukua kitu humfika balaa popote alipo. Wapo waliovimba, wapo waliorukwa na akili. Watu huogopa kisomo hicho kuliko jela, kwa kuwa hakina wakili. Mimi nilisimama mbele yao wote nikasema, "Na isomwe. Isomwe leo. Nitaleta ubani mwenyewe." Nilikuwa sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani kisomo kile. Jina langu lilikuwa limelala chini kama kuku aliyefungwa miguu, na huo ndio ulikuwa wembe wa kuikata kamba.

Fundi Shaame akasema, "Haisomwi."

Faki akamuuliza kama amesikia vizuri. Akasema, "Nimesikia. Halbadiri haichagui. Labda ni mtoto kaokota kwa mchezo. Sitaki kumsomea ntu kwa chuma." Nikamshika mkono. "Fundi, nakuomba. Kwa ajili yangu." Hakunitazama. Alikuwa akitazama mlango wa chumba cha ndani. "Haisomwi nyumbani kwangu," akasema.

Usiku huohuo dirisha langu lilinieleza maana yake. "Amjua mwizi," alisema Faki taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Amjua, na amwonea huruma. Shaame ntu mwema sana." Wote wakakubali. Huruma ya fundi ikawa ndiyo hukumu yangu. Kama angenitukana mbele ya watu, pengine wawili watatu wangenitetea. Lakini nani amtetee mtu aliyekwisha kusamehewa?

Baada ya hapo nyumba ilibaki ileile, lakini hewa ilibadilika. Niliendelea kula mlangoni mwa jiko. Bi Time alinipakulia zaidi kuliko zamani, mchuzi mzito, kipande cha samaki cha kati, na hakunitazama usoni. Niliuchukulia ukarimu ule kuwa ni aina ya dharau. Susu iliponigonga kichwa hakucheka tena, alishituka. Dukani mwenye duka alisogeza mizani yake nyuma nilipoingia, ndipo nilipojifunza kuweka mikono juu ya meza. Kina mama waliwaita watoto wao ndani. Nami nikaanza ugonjwa uleule, nikampima kila mtu. Nilimshuku Faki, nikawashuku mabwana wenye mashati ya pasi, nikamshuku hata mlinzi wa Makangale kwamba ametaka mali yake irudi. Mtu mmoja tu sikumshuku, kwa sababu ndiye aliyenihurumia.

Niliondoka kabla karafuu hazijaanza kuchumwa. Fundi alinisindikiza mpaka barabarani kungoja gari la Mkoani. Alinipa koleo yake ndogo, ile aliyokuwa haiazimi mtu. Tukapeana mkono, akasema, "Nisamehe nilipokukosea." Kwetu kila msafiri huambiwa hivyo, na kila msafiri hujibu kama nilivyojibu, "Tusameheane." Nilisema bila kufikiri. Yeye aliendelea kunishika mkono mpaka utingo akapiga bodi la gari. Koleo ile nimezunguka nayo kote, na kila nilipoitumia niliona haya, maana niliamini ni sadaka aliyopewa mwizi.

Kutoka Tanga nilifika Wawi siku ya hitma ya fundi. Banda la makuti lilikuwapo, limeinama, na fremu ya pikipiki ilikuwapo ndani yake, kuku wamelala juu ya mpini. Barazani wazee walinipa salamu na nafasi kwenye mkeka. Faki alikuwa miongoni mwao, meno yamepungua, macho yaleyale. Alinishika goti akaninong'oneza, "Umefanya vyema kuja. Muombe radhi, bado roho yasikia." Tukasoma, tukala wali, na vikombe vya kahawa vilipoanza kuzunguka, mjukuu wa fundi akaja kunigusa bega. "Bibi akuita. Lakini ukae nje ya pazia, yumo edani."

Nikakaa chini ukumbini, pazia katikati yetu. Sauti ya Bi Time ilikuwa imekauka, lakini niliijua. Hakunizungusha. Alimwambia mtoto, "Mpe," na mtoto akaniwekea mapajani kitu kizito kilichofungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikijua kwa uzito kabla sijafungua.

"Ilikuwa wapi, Bi Time?"

"Juu ya kichwa chako. Ndani ya susu, chini ya papa mkavu. Aliipandisha fundi mwenyewe usiku, akanambia nisiseme. Angewapa hawa, wale wasingemzika mama. Angewapa wale, hawa wasingekuja. Bi Mize alikuwa ameshaulizia sanda. Akasema isipone basi, mpaka azikwe. Hakujua kwamba itakuangukia weye. Ilipokuangukia, akashindwa kuiteremsha. Na Halbadiri angejisomea vipi?"

Niliuliza jambo moja tu. "Bi Mize alizikwaje?"

"Walikuja wote. Hawa na wale. Jeneza halikukaa bega moja kwa hatua mbili. Na kila mwaka fundi alikuwa akiiteremsha, akaipaka mafuta, akaizungusha, akairudisha. Alisema ukija upewe. Mara ngapi nilimwambia amuite shehe, aseme. Alikuwa akisema kesho."

Nilitaka kuwa na hasira, na ilikuwapo, lakini kila nilipoishika niliona jeneza la bibi yule likipokezanwa njiani na mabega ya watu wasiosalimiana. Nilikuwa nimelilipia jeneza lile bila kuulizwa. Pengine, kama angeniuliza, ningekubali. Hakuniuliza.

Nikatoka nikarudi barazani, sumaku mkononi bila kanga yake, nikaiweka juu ya mkeka katikati ya vikombe. Mikono yangu nikaiweka mapajani. Wazee wakaitazama. Faki aliinama, akaigusa, na uso wake ukajaa furaha ya kweli, ya mtu anayemwona mwenzake akiokoka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Umeirudisha."

Wengine wakaitikia, mmoja akaanza kuniombea. Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke aliye edani ambaye hakupaswa kusikika na baraza la wanaume siku ile.

"Faki! Kitu hicho hakijapata kutoka nyumba hino. Wasikia? Hakijapata kutoka."

Mwenye birika la kahawa alisimama na birika lake. Faki alikunja uso, akatazama mlango, akatazama banda, kisha sumaku. Niliona mambo yakimjia moja baada ya jingine. "Basi kwa nini Halbadiri hatuku..." akaanza. Akaacha. Alipoinua macho kunitazama, hayakuwa macho yaleyale.

Faki, kwa kukosa la kufanya, akaichukua sumaku akaipakata, kidole gumba chake kikapumzika juu ya ncha ya waya, na mkono wa pili ukaanza kuizungusha, polepole, kama mtu anayechezea tasbihi. Ghafla akaruka.

"Lo!" akasema, akitia kidole kinywani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ingali yang'ata."